Gari Litakula kwa Nani

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kila nikisikia gari likikataa kuwaka asubuhi. Jana uliniletea simu yako, ukanionyesha zile pikapu ambazo bado hazijafika nchini: moja ya dizeli yenye turbo, moja ya petroli, na ile inayochanganya petroli na umeme. Ukaniuliza, "Mama mkubwa, wewe ungesubiri ipi?" Nikakujibu kwamba chai inapoa. Nilikuwa natafuta pa kuanzia, maana jibu langu lina aibu ndani yake, na aibu hiyo inakuhusu wewe kuliko unavyojua.

Miaka ile ya ruksa ilipoanza, biashara ikafunguliwa kwa kila mtu, sisi wa Sumbawanga tuliozoea foleni ya sabuni tukaanza kuona vitenge vya kila rangi, redio za kila ukubwa, na magari ya mtumba kutoka Japani yakiingia mjini na vumbi la safari nzima. Wakati huo nilikuwa nanunua maharage na ulezi kule kwetu Mwimbi na kuuza mjini, nikisafirisha kwa malori ya watu. Siku nilipojiweza kununua gari langu, wakala mmoja wa Dar es Salaam akanitumia kitabu cha picha chenye matoleo ya pikapu ya mwaka unaofuata. Bodi ni moja, injini ni ya kuchagua: petroli, dizeli ndogo, dizeli kubwa. Kile kitabu nilikilalia. Baba yako mkubwa, mwalimu wa watu ambaye hata baiskeli ilimshinda, alikuwa akikichomoa chini ya mto wangu aangalie picha.

Sasa ujue nilivyochagua. Jirani yetu, Mzee Kaspari, alikuwa na pikapu kuukuu ya dizeli. Baridi ya Ufipa ya mwezi wa sita unaijua. Kila asubuhi Mzee Kaspari alitoka na koti lake na kofia ya sufu, akaimwagia injini maji ya moto, akaibembeleza weee, mwisho akawaita majirani wasukume. Mimi nilisimama mlangoni na kikombe cha uji, nikicheka mpaka uji unamwagika.

"Shikamoo, Mzee Kaspari. Leo mgonjwa ameamkaje?"

"Marahaba, mwanangu. Anahitaji mikono yako."

Mikono yangu sikuitoa hata siku moja. Niliapa kwamba langu litakuwa la petroli, liwake kwa ufunguo mmoja, na nikipita mtaani watu wasisikie kelele ila waone rangi.

Kabla ya kutuma jibu Dar nilikwenda Mwimbi kumwonyesha baba yangu kile kitabu. Babu yako Leonsi alikuwa na mashine ya kusaga, na nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa unga hata kabla hajazeeka. Nilimsomea yote, nguvu za injini, mwendo, namna inavyowaka kwenye baridi. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza jambo moja tu.

"Njiani litakula kwa nani?"

"Litakula mjini, baba, kwenye pampu, kama magari mengine."

"Mashine za kusaga kutoka hapa mpaka mjini zote zinakula dizeli," alisema. "Kila penye mashine pana pipa."

Nikacheka. Nilikuwa na kicheko kibaya ujanani, nashukuru kimepungua. "Baba, mimi nanunua gari, sinunui mashine ya unga." Alijifuta mikono, akarudi kwenye mkanda wa mashine yake. Hakuwa mtu wa kurudia neno, na mimi nikadhani amekubali.

Gari likafika, jeupe, na mambo yake yote yanafanya kazi, hata kiberiti cha kuwashia sigara ambacho hakuna nyumbani kwetu aliyekihitaji. Wanawake walioshika usukani hapa mjini siku hizo walikuwa wa kutafuta, na mimi nilijiona, mwanangu, nakiri. Asubuhi niliwasha mara moja, nikapita pale wanapomsukuma Mzee Kaspari, nikapiga honi mara mbili. Miezi mitano mizima lile gari halikunipa sababu hata moja ya kumkumbuka baba.

Ikafika mwezi wa pili, mvua zikiwa zimekolea. Nilikuwa Mwimbi siku ya tatu nikizunguka mashambani kukusanya magunia, na dumu langu la akiba nilikuwa nimeshalimimina kwenye tangi. Mama yako, mdogo wangu Gaudensia, alikuwa kwa baba akisubiri kukuzaa wewe. Uchungu ukaja kabla ya wakati wake. Mkunga akampapasa, akatoka nje, akatuambia kwamba mtoto amekaa vibaya na kwamba asipofika hospitali mjini siku hiyohiyo, yeye hawezi kutuahidi mama wala mtoto.

Baba alishusha magunia kwa mikono yake mwenyewe. Hakuniuliza kuhusu mafuta, na mimi sikumwambia. Yalikuwa yanatosha kwa njia kavu. Lakini daraja moja dogo lilikuwa limekwenda na maji, tukazunguka, na huko tulikozunguka ni tope mpaka katikati ya magurudumu. Gia namba moja, gia namba mbili, injini inalia, mshale wa mafuta unashuka. Mama yako alikuwa kando yangu ameshika mlango kwa mikono miwili. Saa nane mchana gari likasitasita, likazima katikati ya kijiji, na unajua lilizimia wapi? Mbele ya mashine ya kusaga.

Nilikimbilia ndani. Mwenye mashine alinisikiliza, akanionea huruma kabisa.

"Petroli, mama? Hapa petroli tunaisikia redioni tu. Dizeli ndiyo ipo, pipa zima."

Nililitazama lile pipa. Sijawahi kukichukia kitu namna ile, na halikuwa na kosa lolote. Mdogo wangu alikuwa nje analia, wewe uko tumboni mwake umekaa vibaya, na mimi gari langu zuri lisilo na kelele limekuwa kweli halina kelele.

Sijui tulikaa muda gani. Kwangu ulikuwa mrefu. Ndipo nikasikia mngurumo ninaoujua, ule niliokuwa naucheka kila siku ya Mungu, na Mzee Kaspari akatokea kwenye kona na shehena yake ya mahindi. Alisimama pale kwa sababu yeye siku zote alijaza kwenye mashine. Ndivyo alivyosafiri Ufipa yote bila kubeba dumu. Alipomwona Gaudensia aliruka chini mara moja. Akaanza kushusha magunia huku mwenye mashine akivuta dizeli kwa mpira. Tukamwingiza mama yako kwenye pikapu ya mzee. Mzee Kaspari akawasha. Kimya. Akawasha tena. Kimya.

Alichungulia dirishani, akanitazama, na sauti yake haikuwa na kejeli hata chembe.

"Mwanangu, mgonjwa anahitaji mikono yako."

Nilivua viatu. Nilisukuma na wanawake waliokuja kusaga, kitenge changu cha kanisani kikiwa tope mpaka kiunoni, na nilikuwa nalia kwa sauti bila kujali nani ananitazama. Mama yako, katikati ya uchungu wake, akatoa kichwa nje: "Dada, sukuma, acha kulia! Anayezaa ni mimi." Jaribio la tatu injini ikashika, moshi mweusi ukatupiga usoni, na sijawahi kuvuta hewa nzuri kama ile. Nikarukia nyuma huku gari linakwenda.

Tulifika jua likiwa bado juu. Madaktari wakamchukua mama yako moja kwa moja, wakampasua, wakakutoa. Mzee Kaspari alikaa kwenye benchi na kofia yake magotini mpaka aliposikia unalia. Kisha akaenda zake, akaniachia kazi ya kumtafutia maneno ya shukrani, na hadi leo hayajatosha.

Baba alikuja baada ya wiki na unga wa ulezi wa uji wa mzazi. Alikubeba, akakutazama sana. Halafu akatoka uani, akalizunguka gari langu jeupe, ambalo nilikuwa nimelirudisha mjini, akaniuliza taratibu, "Na lilikula kwa nani?" Akanishika bega, tukaingia ndani kula.

Miaka yote umesikia kwamba mvua ndiyo iliyowachelewesha. Mvua ilikuwepo. Lakini kuna mtu aliyechagua injini ya kumfurahisha mlangoni kwake, akaisahau njia, na mtu huyo ni mimi mama yako mkubwa. Nisamehe, mwanangu. Nimechelewa kukuomba.

Kwa hiyo sikuambii nunua dizeli. Huenda mambo yamebadilika, na hiyo ya kuchanganya umeme huenda ikawa nzuri kuliko zote. Ninachokuambia ni hiki: wewe unataka kuteremka Wampembe kule ziwani kuchukua samaki na kupanda nao mlima. Basi kabla ya kusubiri pikapu yoyote, iteremke kwanza hiyo njia kwa gari la mtu. Kila unaposimama uliza hapa panapatikana mafuta gani, umeme upo siku ngapi, fundi anajua kufungua nini. Zile nguvu na mwendo visome baadaye. Ni vitamu, mimi nilivilalia. Na mtu mzima akikuuliza swali moja fupi, usiharakishe kucheka. Lala nalo.

Mungu akupe gari jema na njia inayopitika. Akupe mzigo wa kutosha na mikono ya kuushusha. Na siku utakapokwama, maana utakwama, apite mtu ambaye hukuwahi kumcheka. Na kama ulimcheka, basi awe na moyo wa Mzee Kaspari.