Onja Wewe Kwanza

Wiki iliyopita nilifungua kabati la marehemu baba, nyumbani kwake Alexandria, huku Marekani, nikitaka kugawa nguo zake. Koti lake la kazi bado lilinuka dawa ya kuchua misuli, ile inayopoza na kuchoma kwa pamoja. Nikaketi kitandani nalo mapajani, na nguo sikugawa tena. Harufu ile ilinirudisha kwenye Jumamosi moja nikiwa na miaka tisa, mbele ya mtu niliyemwogopa, amenishikia kikombe.

Mtu huyo alikuwa baba. Nisiwafiche, sikumwamini. Alisafiri nikiwa bado nanyonya, mama akafariki, nikalelewa na nyanya mzaa baba kule Kakamega. Baba nilimjua kwa picha na kwa sauti ya simu iliyokatikakatika. Nilipofika Marekani nilikabidhiwa mwanamume mnene kuliko picha, ananuka dawa aliyojichua mgongoni, ananiita "Mama" kwa kuwa nimepewa jina la mama yake. Siku tatu za kwanza nililala nimevaa viatu.

Jumamosi hiyo, baada ya zamu yake ya kuegesha magari ya wageni hotelini, alinipeleka kwenye soko la wakulima. Mzee mmoja Mzungu mwenye ndevu nyeupe alikuwa na pipa la soda aliyoipika mwenyewe kwa mizizi na magome, ile Wamarekani wanayoiita root beer. Alikuwa akigawa kidogo kidogo ili watu waonje, wamwambie kama imefaa. Baba akapokea kikombe, akaninyooshea.

"Chukua, Mama. Ni soda tu."

Nikachungulia. Nyeusi, na juu povu kama la maji ya kufulia. Nikanusa, nikarudi nyuma. Ilinuka mgongo wake.

Lazima niwaeleze kuhusu nyanya. Kabla hajaokoka alipika pombe ya busaa, na alipookoka akabaki na chai, lakini desturi hakuiacha: anayekupa kinywaji huonja kwanza mbele ya macho yako. "Asiyeonja ana neno," alisema. Mara moja tu alinipa soda bila kuonja, na ndani yake mlikuwa na dawa ya minyoo.

Baba hakuwa ameonja. Nikaficha mikono nyuma.

"Sitaki."

"Watu wamepanga foleni kwa hiki, wewe unakataa?"

"Onja wewe kwanza."

Mkono wake ukabaki hewani. Watu nyuma yetu wakangoja. "Unafikiri nimekuwekea nini?" akauliza kwa sauti ya chini. "Mimi ni baba yako."

"Nyanya huonja."

Kisha akashusha pumzi, akasema, "Kweli. Nimekaa huku hadi nimesahau." Akanywa. Nililikodolea macho koo lake mpaka nikaona funda limeshuka. Uso wake ukajikunja kama wa mtu aliyetafuna kwinini.

"Tamu," akasema.

"Unadanganya."

"Haya, ni mbaya. Mbaya kabisa, Mama. Kama nimelamba mgongo wangu."

Kwa sababu alikiri, nikachukua kikombe. Kwanza ulikuja utamu, kisha baridi kooni, halafu uchungu wa gome, na mwishoni kabisa harufu ya vanila, kama keki iliyo nyumba ya jirani. Nikakunja uso. Nikanywa tena, kwa kushuku tu.

Mzee akauliza hukumu yangu. Kiingereza changu kilikuwa cha salamu, nikamwagiza baba: "Mwambie iko sawa, ila apunguze mgongo. Mwambie hivyohivyo."

Baba akamwambia, kwa aibu. Nilimtazama mzee usoni kuhakikisha ujumbe umefika. Alicheka mpaka akashikilia pipa. Alisema nimepatia: kuna jani analotia humo, na mafuta yake ndiyo yanayotiwa katika dawa za kuchua.

Usiku ule nililala bila viatu.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama siku niliyomnasa baba. Halafu mwaka huu ugonjwa ukamvuruga akili, akaanza kukataa kila kilichotoka mkononi mwangu. Nilisimama kando ya kitanda na maziwa ya wagonjwa, naye akanitazama kwa macho ambayo niliyajua, maana yalikuwa yangu.

"Onja wewe kwanza," akasema.

Nikaonja.

"Ikoje?"

"Mbaya kabisa, Baba."

Akanichunguza uso, akapokea, akanywa yote. "Asante, Mama." Sijui alikuwa akinishukuru mimi au akimshukuru nyanya.

Lakini kuna siku nilionja, nikasema ukweli, na bado akageukia ukutani. Nilibaki pale nimenyoosha mkono, kikombe kikizidi kuwa kizito. Hapo ndipo nilipoelewa alivyosimama sokoni, watu wakimtazama, akiningoja.