Lengelenge kwenye Bango la Editha

Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, kisha anisikilize. Sinywi pombe, sivuti kitu, na siku ile nilikuwa nimelala vizuri na kunywa chai kwa chapati mbili. Wala haikuwa makaburini usiku wa manane. Ilikuwa Jumamosi, saa saba mchana, jua la utosi, hapa hapa Keko katikati ya mafundi wa vitanda na makabati. Mke wangu ni shahidi, binti yangu ni shahidi, na ukumbi mzima wa watu ni mashahidi bila wenyewe kujua.

Kazi yangu ni mabango. Nabandika maandishi na picha za stika kwenye mabango ya harusi, misiba, maduka na mikutano ya injili. Watu wanadhani kubandika ni kazi ya nguvu, kumbe ni kazi ya subira. Unalaza bango mezani, unalifuta, unalipulizia maji yenye sabuni kidogo, unabandua karatasi ya nyuma ya stika upana wa kiganja tu, halafu unasukuma hewa kutoka katikati kwenda pembeni kwa kipande cha plastiki ulichokizungushia kitambaa. Ukiwa na haraka, hewa inabaki chini na stika inatoa malengelenge kama mkono wa mtu aliyeshika jembe kwa mara ya kwanza. Na hapa Keko adui yangu mkubwa ni vumbi la mbao. Chembe moja ikiingia chini ya stika, lengelenge hilo. Ndiyo maana hubandika saa saba, majirani wanapozima mashine zao kwenda kula.

Wazee wa Pwani huwakataza watoto kuzurura saa hiyo, wanasema ni saa ya wenyewe, wale wasioonekana. Mimi Mngoni wa Songea nilikuwa nachukulia kwamba hizo ni mbinu za kuwalaza watoto mchana. Sasa sisemi kitu.

Jioni ya Jumamosi hiyo ilikuwa sendofu, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, ya Editha, binti yangu wa kwanza, kwenye ukumbi mmoja kule Kimara tunakoishi. Miezi yote ya vikao hakuniomba kitu ila kimoja. Alisema, "Baba, mapambo watapamba watu wengine. Lakini bango la mlangoni ubandike wewe kwa mkono wako." Mwanao akikuambia hivyo, unajisikiaje? Nilimwahidi nikiwa nimevimba kichwa.

Ila wahenga walisema mganga hajigangi. Wiki nzima nilibandika mabango ya watu, la mwanangu nikawa naliahirisha. Jumamosi asubuhi nafika kazini, stika zake ziko tayari, maandishi ya dhahabu na picha yake moja ya duara, kubwa kama sinia. Natafuta bango la kuzibandikia, roli langu la mabango limebaki kipande cha kushonea aproni! Nikapiga simu dukani ninakonunua. Wamefunga, wana msiba. Jasho likaanza kunitoka.

Hapo nikakumbuka kwamba juu ya kabati langu kulikuwa na bango la kumbukumbu ya marehemu, limekaa miaka miwili limeviringishwa, walioliagiza hawakuja kulichukua. Mbele lina picha na maandishi, lakini mgongo wake mweupe pee. Nikajiambia, bango linaegemezwa ukutani, nani atageuza aone nyuma? Kosa langu ndilo hilo, sitaki kumsingizia shetani. Nililitandaza mezani kifudifudi, wala sikumtazama marehemu usoni.

Maandishi yalikaa vizuri. Nikaja kwenye picha ya Editha. Nimefika nusu, lengelenge likainuka kwenye paji lake la uso, kubwa kama yai la kuku. Nikalisukuma, likalala. Nikageuka kuchukua kitambaa, limeinuka tena. Nikalipasha joto kwa mashine ya kukaushia nywele ninayotumia kazini, likalala, likainuka. Nikabandua taratibu nikaangalia chini yake, hakuna vumbi wala unywele. Nikapulizia maji upya nikarudia. Wapi! Nikasema dawa yako ni sindano. Lengelenge sugu unalitoboa ubavuni, unalikamua hewa, kwisha.

"Sindano hapana, baba."

Nikainua kichwa. Kwenye benchi langu la wateja, hatua tatu kutoka mezani, alikuwa ameketi bibi wa makamo ya mama yangu, kajifunga khanga, kitambaa kichwani. Sikumsikia akiingia. Shavu lake la kushoto lilikuwa limevimba, nikajua ni mgonjwa wa jino.

"Shikamoo mama. Pole, jino hilo?"

"Marahaba. Si jino. Wewe endelea, ila taratibu."

Wateja wa kukaa na kukagua kazi nimewazoea, sikujali. Nikaweka sindano, nikashika plastiki yangu, nikalisukuma lile lengelenge kwenda juu. Nikamsikia bibi anavuta pumzi kwa meno, "Ssss!" Namwangalia, uvimbe umetoka shavuni uko chini ya jicho. Nikasema ni jua hili. Nikasukuma kwenda chini. Uvimbe ukashuka mpaka kwenye taya.

Wewe ungefanyaje? Mimi nilijaribu mara ya tatu, safari hii macho yangu yakiwa kwake. Niamini, lengelenge na uvimbe vilikwenda pamoja, polepole, na yeye ametulia ameinua kidevu kama mtu anayenyolewa kwa kinyozi.

Ningekimbia. Lakini mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshikilia nusu ya picha ya mwanangu isiyobandikwa bado. Ukiiachia stika ya namna hiyo inajikunja, inajinata yenyewe kwa yenyewe, na nyingine sikuwa nayo. Fundi mwenzangu akisoma hapa atanielewa. Kwa hiyo nilisimama pale pale, nimeshika stika.

"Mama, wewe ni nani?"

"Unaniuliza mie, na wewe ndiye uliyenilaza kifudifudi? Miaka miwili niko juu ya kabati lako nimeviringishwa. Leo nakunjuliwa, nasema afadhali nipunge hewa, kumbe nimeletwa kukandamizwa uso. Mngoni wewe?"

"Ndiyo mama. Wa Songea."

"Nilijua. Ni Mngoni tu atakayemlalia mtu usoni mchana kweupe. Sie Wahehe tungeuliza kwanza."

Sasa Wangoni na Wahehe ni watani tangu enzi za mababu waliopigana. Mhehe ana haki ya kunitukana hata kwenye msiba wa baba yangu, nami nina haki hiyo kwake. Utani ule ndio ulionirudishia roho mahali pake. Mtu anayekutania hajaja kukuua, au sivyo?

"Nisamehe, mtani," nikasema. "Leo binti yangu anaagwa. Picha ni hii moja. Nikiibandua itachanika."

"Anaagwa leo?" Uso wake ukachangamka hata na uvimbe wake. "Jina lake?"

"Editha."

"Basi mbandike Editha wako. Mie nitavumilia. Ila na mie nitundikwe! Nilitengenezwa nitundikwe watu wanione, sijatundikwa hata siku moja. Na usinigeuzie ukutani."

Akacheka. Nikainamisha macho mara moja tu, nimalizie ile nusu iliyobaki. Plastiki ikapita bila kukwama, stika ikalala kama maji kwenye beseni. Sijawahi kubandika hivyo tangu nianze kazi. Nilipoinua kichwa, benchi lilikuwa tupu. Nikalisogelea. Vumbi la mbao la asubuhi lilikuwa limelala juu yake lote, hakuna alama ya mtu aliyekaa.

Fundi sofa wa jirani alikuwa anakula ugali wake mlangoni kwake. Nikamuuliza, "Umemwona bibi aliyetoka hapa?"

"Bibi gani, braza? Mie nakuona wewe tu, unaongea na bango."

Ndipo nikaligeuza. TUNAKUKUMBUKA DAIMA MAMA YETU ANASTAZIA. Kitambaa kile kile, khanga ile ile, anatabasamu meno yote nje.

Sasa fikiria kuingia nyumbani kwako siku ya sherehe na habari kama hiyo. Mke wangu aliponisikia alishika kiuno. "Bango la marehemu? Kwenye sendofu ya mwanangu? Baba Editha, unataka mtoto aende kwa watu na mkosi?" Sikumlaumu. Hata mimi nilikuwa na hofu hiyo hiyo, tena kubwa kuliko yake, kwa sababu kama mkosi ungemwandama Editha ungekuwa umetoka mikononi mwangu. Nikasema basi, tuliache, mlango ukae bila bango. Nilisema hivyo huku moyo unaniuma.

Editha alikuwa ameketi anasukwa. Alisikiliza yote, akalitazama bango upande wa kwanza, akaligeuza akautazama wa pili.

"Baba, huyu bibi ameomba nini kibaya?" akasema. "Ameomba kuja kwenye sherehe yangu. Mgeni kajileta mwenyewe, tumfukuze?"

Mama yake akaligeuza tena upande wa Editha. "Sawa," akasema, "ila yeye atazame ndani. Wageni wakiingia wamwone mwanangu kwanza."

Tukalitundika kwa kamba katikati ya ujia wa kuingilia ukumbini, juu kidogo ya vichwa, lining'inie huru pande zote mbili. Anayeingia anakutana na Editha na dhahabu yake. Anayetoka anakutana na Mama Anastazia na meno yake.

Nakuambia kweli, jioni hiyo sikuufaidi muziki wala pilau. Nilikaa kiti cha karibu na mlango nalinda bango. Kwanza wakapita mashangazi wa upande wa mume, wakageuka, wakamwona. Nikafumba macho. Nikasikia vigelegele. Wamedhani ni bibi yake Editha aliyetangulia mbele ya haki! "Familia hii inaheshimu wazee wake," mmoja akasema, na wakapanga mstari kupiga picha chini yake. Watu waliendelea kupiga picha pale mpaka sherehe inakwisha. Ukumbi ulikuwa na joto la kuyeyusha gundi, lakini ile stika haikuinuka hata kama punje ya mtama. Editha alipotoka kushikana mikono na wageni alisimama chini ya bango akainua uso akasema, "Asante kwa kuja, bibi." Nililia, na sioni haya kusema. Lilikuwa chozi la furaha.

Wiki mbili baadaye akaja kazini kwangu bwana mmoja pande la mtu, simu mkononi, macho mekundu.

"Fundi, nimemwona mama yangu kwenye stetasi ya mtu. Yuko kwenye sendofu. Nimeulizia mpaka nimefika hapa. Nani alikupa ruhusa?"

Nikajua leo napigwa. Nikampa benchi, nikamweleza kama ninavyokueleza wewe, tangu sindano mpaka vigelegele. Nilipofika kwenye utani wa Mhehe na Mngoni, yule bwana akafunika uso kwa mikono yake, mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Ndiye mwenyewe," akasema. "Mama hakukosaga sherehe ya mtu. Apewe kadi asipewe, atakuja na khanga yake na kiti cha mbele atakaa."

Akaniambia kwamba watoto waligombana juu ya ibada ya kumbukumbu ifanyike kwa nani, ikawa haikufanyika kabisa. Kila mmoja alidhani bango liko kwa mwenzake. Mwezi ule ule wakapatana, wakaifanya, na sisi tukaalikwa familia nzima. Nilikwenda na bango lao na utani wangu wote, nikawauliza Wahehe ni watu gani wanaomsahau mama yao juu ya kabati la Mngoni, wakanicheka na kunimwagia maji kama ilivyo desturi. Nikajitolea kuibandua picha ya Editha upande wa nyuma. Yule bwana akakataa. "Ukimbandua, mama atatuuliza yuko wapi," akasema. Mpaka leo lile bango liko sebuleni kwao hivyo hivyo, na Editha akipita na mumewe huenda kuwasalimu.

Usidhani tangu siku hiyo sipati malengelenge. Napata, mimi ni binadamu, na Keko bado ina vumbi. Lakini sindano niliitupa. Lengelenge likiinuka nalisukuma polepole nikisema, "Samahani," wateja wananicheka, nami nacheka nao. Na silazi bango lolote mezani kabla ya kuligeuza na kumwangalia usoni aliyemo.

Wewe unayenisoma, kama kuna picha au bango la mtu wenu mliliagiza kisha mkaliacha kwa fundi kwa sababu ya ugomvi au uvivu, nenda kalichukue. Fundi mwingine hatakuwa na mtani wa kumwokoa, na binti wa mwingine hatasema "mgeni aje." Marehemu wako akichoka kungoja, atajialika kwenye sherehe ya watu usiowajua, nawe utamwona kwenye simu, ameketi mbele, anapigiwa vigelegele na wageni huku ninyi wanawe hampo.