Chupa Niliyoikataa

Mjomba wangu alikuwa muosha maiti wa Mwabungo, na mimi nilikuwa mshika maji wake. Nalisema hilo mapema ili mtu asidhani mambo yangu yalianzia kwenye jukwaa la watunisha misuli. Yalianzia nyuani kwa watu, ndani ya pazia la leso zilizofungwa kwenye kamba, na mzee mmoja mfupi akinikanya nisitazame.

Kazi hiyo niliianza nilipomaliza shule na kuonekana sina haraka ya kwenda popote. Nilimshikia ndoo na kumgeuzia maiti ubavuni, kwa sababu tangu ujana Mungu alinijalia mikono. Kutoka kitovuni hadi magotini maiti hufunikwa shuka, na muosha hupitisha mkono chini yake, mkono umefungwa kitambaa, uso kaugeuzia pembeni. Mjomba alilishika hilo kuliko muosha yeyote niliyemwona. Alisema aliyekufa hawezi kujisitiri, kwa hiyo sisi ndio wa kumsitiri. Tukimaliza hatukuyataja tuliyoyaona, liwe kovu au donda. Muosha ni mtu wa amana, alisema, na akishatiliwa shaka ni nani atakayempa baba yake amuoshe?

Ndivyo nilivyolelewa. Hata kukojoa alinifundisha yeye, baada ya baba kufariki: uchutame, ujifiche, uwe na maji, usisimame kama punda njiani.

Sasa mtu aliyelelewa hivyo alifikaje jukwaani na chupi inayong'aa? Nimeulizwa hilo na watu wengi, na wengi wao hawakuwa wakitaka jibu. Nilikuwa nabeba saruji kwenye duka la vifaa vya ujenzi Ukunda. Nyuma ya duka palikuwa na jimu ya mabati, nusu ya vyuma vyake ni saruji iliyomiminwa kwenye mikebe ya rangi. Niliingia siku moja kwa mzaha, mwili ukakubali. Kwa mara ya kwanza maishani nilifanya kitu kikaonekana. Nilikula mayai, kunde, samaki wa kuchemsha, na mihogo ya shamba la mjomba mwenyewe. Wenzangu wengine walikuwa na sindano zao, nao hawakujificha sana. Mimi sikuzigusa, na sisemi hivyo ili nisifiwe. Nilimwogopa mjomba kuliko jaji yeyote.

Maana alipopata habari aliniita barazani, akanikalisha, akanywa chai yake yote kwanza. Kisha akasema, "Hilo la kuvaa chupi mbele za watu utakwenda kulijibu mwenyewe kwa Mola wako. Mimi nimelikataa na nitazidi kulikataa. Lakini ukitia dawa mwilini utakuwa umenidanganya mimi, na muongo hataingia pamoja nami kwa maiti wa watu."

Nikaapa mbele yake kwamba sitatia. Tangu siku hiyo neno langu likawa ndilo kibali changu cha kuingia pazia lile.

Mashindano yenyewe yalifanyika kwenye ukumbi wa hoteli moja Diani. Yalitangazwa kuwa ni ya watunisha misuli wasiotumia dawa, na kwamba washindi watapimwa. Tangazo hilo lilinifurahisha kupita kiasi. Nilijiambia hatimaye pamepatikana mahali ambapo mayai yangu na kunde zangu zitahesabiwa. Siku ikafika, nikapanda, nikashinda katika uzito wangu. Nilipewa kombe, nikapigwa picha, na kabla sijafuta mafuta mwilini mpimaji akanigusa bega.

Alikuwa mtu wa bara, mpole, mwenye glavu. Nilidhani mambo ni kama hospitalini: unapewa kichupa, unaingia chooni, unafunga mlango, unarudi nacho. Yeye akaingia nami. Akanieleza nipandishe fulana hadi kifuani, nishushe suruali hadi magotini, nisimame nimemwelekea, kwa kuwa ni lazima auone mkojo ukitoka mwilini. Watu wamewahi kuleta mkojo wa wengine, akasema, wameuficha nguoni. Sababu yake ilikuwa ya haki na sikumlaumu wala simlaumu leo. Waongo ndio waliotufikisha pale.

Nikamwomba nichutame. Akasema nikichutama hataona. Nikamwambia anipekue mwili mzima, au achukue damu mshipa wowote autakao. Akasema yeye ametumwa mkojo. Basi nikajaribu. Nikasimama, nikashusha suruali, naye akainama kidogo aone vizuri, na mwili wangu ukajifunga. Nikatoka, nikanywa maji mpaka tumbo likaniuma, nikarudi. Akainama tena. Hapo nikapandisha suruali yangu.

"Siwezi," nikamwambia. "Na sasa sitaki."

Akanifafanulia taratibu kwamba kukataa ni sawa na kukutwa na dawa, kisha akauliza kama nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa vizuri sana. Kombe akapewa aliyenifuata.

Najua utakalosema. Nimesimama na chupi mbele ya ukumbi mzima, haya imetoka wapi? Jukwaani nilionyesha nilichokifanyia kazi, na kilichofunikwa kilibaki kimefunikwa. Kitambaa chenyewe kilikuwa kidogo, lakini kilikuwapo. Labda hoja hiyo haina kichwa wala miguu. Ndiyo niliyo nayo, na haya ya mtu haipimwi kwa futi.

Habari zilifika Mwabungo kabla ya begi langu. Kila kijiwe kikawa na lake, lakini yote yaliishia pale pale: kaikimbia chupa. Jimu ndiko kulikoniumiza zaidi. Mmoja wa wale wenye sindano, kijana aliyekuja pwani kutafuta kazi hotelini, alinipa mkono kwa heshima ambayo hajawahi kunipa. "Umecheza kama wewe, bro," akasema. "Ungekojoa tu, wangekushika." Nilimchukia kwa sifa ile kuliko nilivyowachukia walionitukana, na jimu sikurudi tena.

Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho. Nilimweleza yote, la glavu, la kuinama, la maji niliyokunywa. Nilipomaliza aliuliza neno moja tu.

"Ukumbi mzima ulikuona na chupi. Haya ikakujia kwa mtu mmoja?"

Laiti angenifokea. Alisema tu, "Haya, mwanangu," akaenda kutawadha.

Nilihangaika. Nilikwenda kwenye maabara moja Ukunda nikaomba nipimwe dawa za kututumua misuli, nipewe karatasi. Binti wa pale akanitazama mabega, akaniambia wao wanapima malaria, homa ya matumbo na mimba, nichague. Ningecheka kama ningekuwa na moyo wa kucheka.

Kisha akafa jirani yetu. Nilimwona mjomba anapita na mfuko wake wa kafuri na pamba, nami nikasimama kama ada. Nyuma yake palikuwa na muuza samaki mmoja wa pale mtaani, amebeba ndoo zangu. Mjomba akanitazama kwa upole, kama anavyotazamwa mgonjwa.

"Wewe pumzika," akasema.

Nikapumzika maiti ile, na iliyofuata, na zote zilizokuja baadaye. Hakuna aliyenikataza kwa kelele. Watu wa kwetu hawakufukuzi, hukupumzisha. Baadaye mke wa mjomba aliniambia, huku akipepeta mchele usiohitaji kupepetwa, kwamba mzee ameshawataja watakaomuosha siku yake ikifika. Muosha huoshwa, na yeye alilijua hilo kuliko sisi sote. Mimi sikutajwa.

Sukari ikamshika, ikamla mguu, akalazwa hospitali Msambweni. Mimi ndiye niliyekwenda kumuuguza, kwa sababu mimi ndiye niliyeweza kumwinua. Nguvu zangu hakuzikataa, alichokikataa ni neno langu. Nilimgeuza kitandani kama alivyonifundisha kuwageuza wengine, tukazungumza habari za mihogo na mvua, na lile jambo likakaa katikati yetu halisemwi.

Asubuhi moja muuguzi alimletea chupa ya plastiki ya kukojolea, akasimama miguuni pa kitanda akingoja. Mjomba akaitia chupa chini ya shuka. Tukangoja. Muuguzi, mwenye wagonjwa wengi na haki yake ya kuharakisha, akamhimiza. Mjomba akafumba macho, jasho likamtoka kwenye paji la uso, na hakukutoka kitu. Nikamwomba muuguzi kwa adabu atupishe kidogo. Nikainyanyua leso ambayo mke wa mjomba aliiacha kitandani ikawa pazia, nikaishika kwa mikono miwili, na uso nikaugeuzia ukutani.

Ilichukua muda. Mwishowe nikasikia.

Sikugeuka mpaka aliponiita. Alikuwa ameifunika chupa kwa pindo la shuka.

"Yule bwana alitaka aangalie?" akauliza.

"Ndiyo, mjomba."

"Akukodolee mpaka umalize?"

"Mpaka nimalize."

Akanipa ile chupa. "Mimi nisingeweza," akasema. Kisha, baada ya kupumua kidogo, "Nikirudi nyumbani nitazungumza na waoshaji."

Niliibeba chupa ile mpaka chooni nikilia, na waliotaka kunitazama walinitazama.

Nyumbani alirudi amefunikwa. Wakafunga kamba uani, wakatundika leso, wakaingia wale aliowataja, na muuza samaki wa mtaani akiwa mmoja wao. Sikuomba kuingia. Ningewaambia nini? Kwamba mzee aliniamini wodini, na hakuna mwingine aliyesikia? Mimi ndiye niliyekataa shahidi siku ile Diani, na sasa niliyemhitaji nilikuwa sina. Wangenijibu kwa upole, na upole wao nilikuwa nimeshaushiba.

Nilifanya lililobaki, nikachota maji. Nilipofika penye pazia mkono ulitokeza, ukapokea ndoo, ukarudi ndani. Kila ulipotokeza niligeuza uso nikatazama ua wa makuti, ingawa hapakuwa na cha kuona ila mkono wa mtu.

Walipomaliza kumvisha sanda, muuza samaki alitoka kutafuta wa kubeba jeneza. Akapitisha macho kwa waliosimama, akayaweka kwenye mabega yangu.

"Wewe una mwili," akasema. "Kaa mbele."

Nikakaa mbele.