Kwenu Sasa ni Saa Ngapi?

Ofisini walimwita Chiriku kwa sababu hakuwa na maneno. Siku yake ya kwanza kazini aliwasalimu wote, akakaa kwenye kiti cha pembeni, akanyamaza mpaka jioni, na kesho yake jina likawa limeshamganda. Alikuwa fundi wa tovuti. Ofisi yao ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vioo, na mtu hakuweza kupanda zile ngazi bila kupishana na sura yake mwenyewe huku na huku. Chiriku alikuwa akipanda huku anatazama viatu vyake.

Jumamosi ile alipanda mbio, kichwa juu, akajikuta anachekewa na Chiriku wengine ukutani. Siku ilikuwa imefika. Saa tisa alasiri shangazi yake angefundisha darasa lake la kwanza la ushonaji kupitia tovuti aliyoitengeneza yeye, kwa mikono yake na kwa biskuti nyingi.

Shangazi alikuwa ameshona mifuko ya maovaroli kiwandani tangu Chiriku hajaota meno. Mifuko tu. Mikono walishona wengine, kola wengine, na yeye alikuwa akisema siku akifa wamzike na mfuko mmoja, apate pa kutia mikono akisubiri hukumu. Sasa alikuwa amechukua likizo ajaribu bahati yake, na masharti yake aliyatangaza mbele ya ukoo mzima. Wanafunzi wote waliojiandikisha wakitokea, harudi kiwandani. Wakikosekana, ovaroli lake lipo msumarini nyuma ya mlango, na Jumatatu analivaa.

Kazi ilikuwa hapo kwenye kutokea. Wanafunzi wenyewe walikuwa wametawanyika kila upande wa dunia. Saa tisa ya shangazi ni alfajiri ya mmoja na ni saa ya kulala ya mwingine. Ukurasa wa darasa ulipaswa kumwambia kila mgeni litaanza saa ngapi kwa saa ya kwao. Mwenzake wa meza ya pili, waliyemwita Profesa kwa sababu ya miwani tu, alishauri wakisie mahali alipo mtu kutokana na njia inayopita intaneti yake. Wakajaribu kwa simu ya bosi, na tovuti ikasema bosi yuko ng'ambo ya bahari, naye amekaa pale anakoroga chai. Kampuni yake ya simu ilikuwa ikipitishia mambo yake huko. Bosi alifurahi, akasema angalau kitu chake kimoja kimesafiri.

Chiriku akachagua njia nyingine. Simu ya mtu, aliwaza, inajua inatumia saa za wapi. Tovuti inainong'oneza simu, simu inajibu, ukurasa unatoa salamu inayolingana na saa hiyo na kumpa mgeni muda wake wa darasa. Hakuna anayesumbuliwa. Alikipenda hasa kipande hicho: mtu anahudumiwa bila kuulizwa hata neno moja. Angekuwa na uwezo, maduka yote yangefanya hivyo.

Asubuhi hiyo ya Jumamosi alikuwa hajamaliza hata kufungua dirisha simu ikalia. Ni mama. Mama alijiandikisha wa kwanza kabisa, kwa kumwonea wifi yake fahari na pia kwa tabia yake ya kutotaka kupitwa.

"Mwanangu," alisema mama, "hii tovuti yenu inanituma nikalale."

Chiriku akamwomba asome. Mama akasoma kwa sauti ya kanisani: habari za usiku, mgeni wetu, darasa litaanza leo saa moja asubuhi. Saa moja ilikuwa imeshapita, mama alisema, yeye alikuwa anakunywa chai wakati huo, basi ndiyo kusema wameshashona wakamaliza bila yeye? Na huo usiku unatoka wapi, jua liko hadi chini ya meza?

Kama mama, aliye mtaa wa pili, anaambiwa ni usiku, hao wa mbali wanaambiwa nini? Akafungua maandishi ya programu, akayapitia mstari kwa mstari huku mama yuko sikioni anamweleza kwamba shangazi ameshatandika kitambaa mezani na hajala. Hesabu ilikuwa safi. Profesa akaja kuchungulia, naye akaona hesabu ni safi, akarudi mezani kwake akiwa ameingiwa na hofu.

"Mama," Chiriku alisema mwishowe, "simu yako inasema saa ngapi?"

"Simu? Simu iko saa za kaka yako."

"Kwa nini iko saa za kaka?"

"Ili nijue kama amelala, nisimpigie. Saa ya hapa si ipo ukutani?" Kisha, kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto kufunga viatu, "Nyie mlikwenda kuiuliza simu mambo ya hapa?"

Chiriku aliweka kichwa mezani. Alianza kutetemeka mabega, na Profesa akadhani analia, akasogeza kitambaa. Alikuwa anacheka. Alicheka hadi kiti kikasota nyuma, na bosi akatoka chumba cha pili kuja kuona sauti hiyo ya nani, maana hakuwahi kuisikia. Kaka yake alikuwa mbali, akifanya kazi ya usiku kwenye kiwanda cha mikate, na miaka yote hiyo mama alikuwa ametembea na usiku wa mwanawe mfukoni.

Mama alikataa katakata kubadilisha saa ya simu. Hapo basi hapakuwa na ujanja ila kumuuliza mtu mwenyewe. Chiriku, ambaye angependa kuzunguka soko zima kuliko kumuuliza muuzaji bei, alikaa akaandika swali moja la kuwekwa juu kabisa ya ukurasa: kwenu sasa ni saa fulani, ni kweli? Chini yake vitufe viwili, ndiyo na hapana, na anayebonyeza hapana anachagua mji anaokaa, tovuti inashika hilo na simu yake inabaki ilivyo. Wakajaribu. Wakawatumia wanafunzi wote ujumbe wafungue ukurasa na wajibu.

Ndiyo zikaanza kuingia. Halafu hapana. Halafu hapana nyingine, na nyingine. Bibi mmoja akaongeza ujumbe kwamba simu yake ni ya saa za mjukuu. Mwingine alisema ameweka saa za mume wake, baharia, ingawa kwa sasa hajui meli iko wapi. Profesa alikuwa anazisoma amesimama juu ya kiti.

Ikaingia hapana moja yenye jina alilolijua, na mara hiyohiyo simu ikalia. Kaka yake alikuwa mapumzikoni, mashine za unga zinanguruma nyuma.

"We Chiriku, hebu nieleweshe. Ulivyoniandikia mwanzo nilijua ni saa tisa ya huku, nikapanga nilale kwanza. Sasa naambiwa ni saa moja asubuhi?"

"Simu yako iko saa za wapi?"

"Za mama," alisema. "Nisije nikampigia amelala."

Chiriku alicheka mpaka pua ikamtoka maji. Alipopata pumzi alimwambia asilale.

Alasiri walikusanyika wote mbele ya kompyuta yake, na sura zikaanza kujitokeza kwenye kioo, kila moja na dirisha lake: huku jua, kule taa, kwingine mapambazuko ya kijivu. Mama alikuwa wa kwanza. Bibi wa mjukuu aliingia na sindano mdomoni. Wa mwisho alikuwa kaka, unga kwenye nyusi, bado na kofia ya kazini, na mama akamwona.

"Wewe umetoka kazini sasa hivi, hujalala."

"Na wewe bado hujanywa chai ya saa kumi."

Nafasi zote zilijaa. Shangazi alizihesabu moja moja kwa kidole. Kisha aliinuka, akatoka kwenye kioo, wakasikia mlango ukigongana na ukuta. Aliporudi alikuwa ameshika ovaroli la kiwandani. Akalitandaza mezani, akalilainisha kwa kiganja, mifuko juu.

"Leo tunajifunza kukata," alisema shangazi, akachukua mkasi. "Tuanzie mfukoni."