Kitambaa cha Mawaridi

Watoto wa enzi zetu pale Bombolulu tulioneana wivu kwa vitu vidogo: nani ana gololi nyeupe, nani kapakwa hina mpaka kiwikoni, nani kapimiwa achari ya maembe ikajaa karatasi. Wivu wangu mimi ulikuwa mmoja, na ulikuwa na jina. Ulimhusu Zuhura, binti ami yangu, ambaye nyumba yao na yetu zilitenganishwa na ua wa makuti.

Ami, babake Zuhura, alikuwa mfagizi katika ofisi moja Changamwe. Ofisi iliponunua kompyuta mpya alipewa mbili kuukuu, akaleta moja kwao na moja kwetu. Zilikuwa nzito, zimegeuka rangi ya samli, na ndani zimefutwa kila kitu. Ukiwasha, unapata kioo cheusi tu.

Zuhura ndiye aliyeigundua Linux, programu ya bure ya kuendeshea kompyuta. Alisoma habari zake saiba, kwenye duka la intaneti, akaandika kuomba, na baada ya miezi posta ikamletea bahasha kutoka ng'ambo, jina lake limepigwa chapa juu, CD za bure ndani. Bahasha ile aliibandika ukutani. Mimi hata barua ya hapo Likoni tu sijawahi kuandikiwa. Nilimpongeza, na moyoni nikaomba paa la kwao livuje pale pale ilipo.

Alizifungua kompyuta zote mbili, akazipangusa vumbi kwa brashi ya rangi, akazitia Linux. Tukitoka chuoni kusoma Kurani tulikimbilia kuandika amri, vidole vyekundu kwa mabuyu. Siku niliyoandika amri yangu ya kwanza na mashine ikanijibu, nilicheka peke yangu kama niliyetekenywa. Niliipenda ile kompyuta kuliko nguo ya Idi.

Lakini yangu ilikuwa ikizimika. Nusu saa tu, kimya. Ya Zuhura ilivuma kutwa, na watoto wa mtaa wote wakahamia kwao. Siku moja nilishindwa kuvumilia, nikamwambia mbele yao: "Ulipoifungua yangu ulinibadilishia memori. Nzima ukatia kwako."

Hakubisha. Alishika bisibisi, akaifungua kompyuta yake, akachomoa kipande kimoja cha memori katika viwili alivyokuwa navyo, akaniwekea kiganjani. "Haya, chukua, roho yako itulie."

Roho haikutulia. Yangu iliendelea kuzimika hata baada ya kukitia, na yake ikawa inajikokota mpaka watoto wakaichoka. Nami nilifurahi, sifichi. Kile kipande sikukirudisha.

Sasa mamangu, Mungu amrehemu, alikuwa bingwa wa kufuma vitambaa. Kwetu kila chombo cha umeme kilivishwa, kuanzia redio mpaka friji. Kompyuta aliifumia kikubwa cha mawaridi, kikashuka mpaka nyuma. Nikiitumia nilikikunja pale mbele tu, kwenye kioo. "Kitu cha thamani utakiachaje uchi, mwanangu?" alikuwa akisema.

Idi ilipokaribia alivivua vyote kuvifua. Siku hiyo kompyuta yangu ikawaka tangu asubuhi hadi magharibi. Nikapeleka mkono nyuma ya kasha, kwenye matundu yaliyokuwa yamezibwa na mawaridi, nikahisi upepo wa moto ukitoka. Nikaelewa. Sikumwambia mtu. Memori ya Zuhura nikaichomoa, nikaificha kwenye kikopo cha hina.

Ilikaa humo miaka yote. Mwanangu, mtoto wa leo, simu ikipata moto, huitia friji. Ikigoma, ataka nyingine. Bisibisi aijua kwa picha. Mwezi uliopita nilikichukua kile kikopo nikaenda mtaa wa Ziwa la Ng'ombe, kwenye chumba ambacho Zuhura hukusanya laptopu zilizotupwa, akazitia Linux na kuwafundisha watoto. Nilimweleza yote, kitambaa na furaha yangu pia.

"Nalijua," akasema. "Hata sisi mamako alitufumia. Mimi nalikuwa nikikivua kila nikiwasha."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungaliniamini?"

Alinyanyuka, akashusha rafuni lile kasha lake la rangi ya samli, akalifungua. Ndani, kando ya kipande kimoja cha memori, nafasi ya pili ilikuwa wazi bado. Akakichomeka, akawasha, likaanza kuvuma. Watoto walinisukuma kando wapate kumzunguka.

Kompyuta yangu leo ni mpya, nyembamba, haivumi wala haina joto, na tangu niinunue hajaja mtu kuketi ubavuni mwangu tukaitazama pamoja. Nilisimama nyuma ya vichwa vya wale watoto, nikamwonea Zuhura wivu ule ule wa Bombolulu, mpaka akageuka akasogeza kigoda kwa mguu, akaniambia niketi.