Bafu la Lantto Juu ya Barafu

Aappo Lantto aliajiriwa kutia makaa kwenye boila ya meli ya Svanhild. Lakini tangu barafu ilipoibana meli hiyo mwezi wa Septemba, mashariki ya visiwa vya Novaya Zemlya, kaskazini mwa Urusi, hakuwa na kazi. Nahodha Brodtkorb aliamuru moto uzimwe na makaa yatunzwe mpaka kiangazi. Wawindaji walikuwa na sili wao, wanyama wanono wa baharini, seremala alikuwa na mbao zake, mpishi Tollef alikuwa na masufuria. Lantto alibaki mikono mitupu, na Tollef akambandika jina: Abiria.

"Abiria, kahawa yako hii. Kwani wewe unashukia wapi?"

Lantto alicheka pamoja na wenzake, ila moyoni lilimchoma. Alikuwa mtu wa Vadsø, mji wa pwani kaskazini mwa Norwei, mjukuu wa wahamiaji kutoka Ufini, mwenye miaka arobaini na sita, na hakuzoea kula asichokitolea jasho.

Novemba jua likazama moja kwa moja, kama ilivyo huko kaskazini ya mbali, ukaanza usiku wa miezi mitatu. Watu kumi na wanne walilala chumba kimoja, pumzi zao zikiganda ukutani, na kila walipoamka waliikwangua barafu ile kwa vijiko. Chawa walistawi. Watu walijikuna hata katikati ya sala. Maji ya kunawa yaliganda ndani ya beseni kabla mtu hajamaliza shingo. Siku wawindaji wawili walipokaribia kupigana, kila mmoja akidai chawa walitoka kwenye shati la mwenzake, Lantto alivua kofia akaenda kwa nahodha. Aliomba ruhusa ya kujenga bafu la mvuke, kama yale ya kwao. Nahodha alimjibu kwamba hapati hata kipande kimoja cha makaa.

"Sikuomba makaa, nahodha. Naomba mawe."

Mawe, katikati ya bahari iliyoganda? Lantto akamkumbusha kwamba chini kabisa ngamani kulikuwa na farumi, mawe yaliyopakiwa kuipa meli uzito. Alihitaji sitini tu. Moto angeukoka kwa mafuta ya sili, ambayo yalikuwa tele. Nahodha alikuna ndevu, akakubali.

Kwa siku tisa Lantto alikata matofali ya theluji, akayapanga ubavuni mwa meli, ndani akatandaza turubai la tanga kuukuu. Pipa la chuma likawa jiko, mawe yakarundikwa juu yake. Tollef na mwindaji mmoja walijitolea kuingia wa kwanza. Hawakukaa dakika tano. Walitoka wakikohoa, uchi, weusi tititi kwa masizi, na mvuke ukiwafuka mwilini.

"Nilikuja kuoga, Abiria," alisema Tollef, "umenikausha kwa moshi kama samaki."

Sitaha nzima iliangua kicheko, cha kwanza tangu jua lizame. Seremala alicheka mpaka akakaa chini, na machozi yakamganda mashavuni. Lantto naye alicheka, huku akifikiri. Akakumbuka bibi yake alivyofanya: hakumruhusu mtu kuingia mpaka moto umekufa, moshi umetoka wote, na joto limebaki kwenye mawe peke yake. Kesho yake alifanya vivyo hivyo. Walioingia walitoka wekundu kama uduvi wa kuchemshwa, wakagaagaa kwenye theluji, wakaomba kurudi tena.

Tangu hapo kila Jumamosi palikuwa na foleni. Nguo zilitundikwa mvukeni, chawa wakafa kwa mamia. Fagio za matawi zilizoletwa kusafishia sitaha ziligeuka za kuchapana migongo, kama ilivyo desturi ya bafu la kwao Lantto, na Tollef alichapwa kuliko wote kwa sababu ya mdomo wake. Jina la Abiria lilijifia lenyewe. Watu walimwita Fundi. Nahodha pekee hakuingia. Alisema hakuna atakayemtii mtu aliyemwona uchi.

Februari alishindwa. Mgongo ulimuuma, akaja akijifunika taulo mpaka kidevuni, akaketi pembeni kama mgeni wa harusi. Lantto alimwaga maji juu ya mawe, mvuke ukapanda, nahodha akafumba macho na kuguna kwa raha. Mara mlinzi wa mlingotini akapaza sauti kwamba jua limechomoza.

Hakuna aliyekumbuka nguo. Walitoka mbio wote sita waliokuwa bafuni, nahodha mbele, taulo likibaki mlangoni. Ukingoni mwa barafu palikuwa na kipande chekundu cha jua, si kipana kuliko kucha ya kidole gumba. Walisimama wakilitazama mpaka lilipozama, miguu ikiwaungua kwa baridi. Nahodha akamgeukia Lantto.

"Fundi, mawe bado yana moto?"

"Yanatosha, nahodha."

"Basi turudi, kabla sijapoteza vidole. Na Tollef, ole wako ukisimulia haya tukirudi bandarini Tromsø."

Kiangazi barafu iliiachia meli, na Tollef alisimulia siku ileile waliyofunga gatini, mwezi wa Agosti, kabla hata kamba ya pili haijakazwa. Lantto hakusikia. Alikuwa chini kwenye boila iliyowashwa tena, kifua wazi, akitoka jasho, akiimba.