Wavu Uliorudi Unang'aa

Hakuna kitu kilichompandisha Bi Mwatum mori kama kuazimwa wavu wake wa kuchomea nyama na kurudishiwa na uchafu wa watu. Chukwani nzima ilijua. Mtu anakuja asubuhi na maneno matamu, ana akika ya mtoto, ana wageni kutoka Pemba, anaomba wavu kwa siku moja tu. Ukirudi, umevaa mafuta yaliyoganda, na katikati ya nondo zake imekwama ngozi ya kuku. "Ahsante sana, Bi Mwatum," na huyo kashatoka mlangoni. Na Bi Mwatum, mwenye miaka hamsini na ushee na magoti yanayomuuma, ndiye wa kukaa uani kusugua shahamu za karamu ambayo hakualikwa.

Basi mtu angedhani kwamba Alhamisi ile, Junaid aliporudisha wavu umesuguliwa mpaka unang'aa, shangazi yake alifurahi. Hakufurahi hata kidogo.

Wavu wenyewe haukuwa wa dukani. Marehemu mumewe, Wakil, alikuwa fundi wa kuchomea mageti huko mjini, na mwaka waliooana alikata nondo, akazipanga moja moja, akaziunga mpaka wavu ukalingana sawasawa na nusu pipa waliyoifanya jiko. Wakil alitangulia mbele ya haki, wavu ukabaki. Kwa wavu huo Bi Mwatum alichoma mishikaki, samaki, pweza na muhogo kila jioni mbele ya nyumba yake, kando ya barabara ya kwendea Fumba. Na kwa wavu huo alimlea Junaid, mtoto wa kaka yake, aliyefiwa na mama angali hajajua kuvaa viatu. Akala, akavalishwa sare, akatiwa chuoni akasoma Kurani, mwisho akafunzwa kuchoma nyama, vyote vimetoka pale pale jikoni.

Biashara ya Bi Mwatum ilisimama juu ya jambo moja tu: watu walimwamini. Wavu hakuuoshea uani kwa kujificha. Kila alasiri aliutoa nje, mbele ya macho ya wapita njia, akaukokea moto mkali mpaka mafuta ya jana yakageuka jivu. Kisha alishika kumbi la nazi, akalichovya kwenye maji ya chumvi na kusugua chuma kingali moto, halafu akamalizia na nusu ndimu. Brashi ya waya alikuwa hataki hata kuiona. Siku moja alikuta uzi wa waya ndani ya pweza, akaimwaga sinia nzima, hasara na iwe hasara. Bi Bashira wa nyumba ya tatu, mwanamke asiyeonja chakula cha watu hata harusini, alikuwa akija na sahani yake kwa Bi Mwatum bila kuuliza neno. Tena mwezi uliofuata wangekuwa ndugu, maana Junaid alikuwa amemchumbia Nassra, bintiye Bi Bashira.

Junaid siku hizi alikuwa mpishi wa kukodiwa. Wageni waliopanga nyumba mpya za Fumba walimwita awachomee samaki na kamba, na kila akipata kazi alikuja kuazima wavu wa shangazi yake. Na katika waazimaji wote wa Chukwani, yeye ndiye aliyekuwa akiurudisha mchafu kupita kiasi. Shangazi anagomba, yeye anacheka na kunywa chai yake, anakwenda zake. Hayo ndiyo yalikuwa mazoea yao.

"Shikamoo, shangazi," alisema asubuhi hiyo, akauegemeza wavu ukutani.

"Marahaba. Chai hiyo hapo, jitilie."

Junaid akajitilia na kukaa. Bi Mwatum alikuwa akiutazama wavu. Ulinuka sabuni ya manukato, na kila nondo ilikuwa na mikwaruzo ya brashi ya waya, mpaka kwenye pembe ambazo yeye mwenyewe humpa taabu kuzifikia.

"Nani kausugua?"

"Mimi."

"Wewe?"

"Nkikuletea mchafu wagomba. Leo nshakuletea msafi, wagomba vilevile?"

Alicheka, lakini kicheko chenyewe hakikufika mbali, na macho akayazamisha kwenye kikombe. Bi Mwatum alikuwa amemlea mtoto huyu. Alimjua anavyokuwa akivunja sahani, na anavyokuwa akiiba sukari.

"Mlichoma nini jana?"

"Samaki. Kamba. Na kuku kidogo."

"Na nini tena?"

"Basi, shangazi. Nini tena?"

Bi Mwatum alitia makaa kwenye jiko, akapepea mpaka yakashika, akauweka wavu juu. Alimchukua samaki changu mmoja katika wale wa biashara ya jioni, akampasua, akampaka chumvi na ndimu na kumchoma. Ukumbi mzima ukanukia. Samaki alipoiva akamtia kwenye sahani, akaisukuma mbele ya Junaid.

"Kula."

"Nimeshiba, shangazi."

"Tonge moja tu, uniambie chumvi imekolea."

Junaid aliitazama ile sahani, akaisogeza pembeni kwa kidole.

"Leo Alhamisi," alisema. "Nimefunga."

Kikombe cha chai kilikuwa bado mkononi mwake, nusu yake imeshanywewa.

Damu ilimchemka Bi Mwatum mpaka masikio yakamwasha. Aliona angefungua mdomo wakati ule angesema neno ambalo haliwezi kurudishwa. Akamwacha Junaid ajionee mwenyewe kile kikombe. Junaid akakiona, uso ukamsawijika, na maneno yakaanza kumtoka bila kuulizwa. Wageni walikuja na kasha lao la barafu. Yeye alikuwa ndani akikatakata samaki. Alipotoka nje alikuta wameshapanga nyama yao juu ya wavu, mafuta yanachuruzika motoni, na pakiti iko mezani. Ilikuwa nguruwe.

"Sikujua la kuwaambia, shangazi. Ilikuwa ishawiva. Lakini wallahi nimeukosha. Maji moto, sabuni, brashi, mpaka mikono imenichubuka. Hauna kitu."

"Kama hauna kitu, mbona hukula?"

Junaid alikiweka kikombe chini.

Na hapo ndipo ilipokuwa hasira ya Bi Mwatum. Wageni hakuwa na ugomvi nao. Wamekula chakula chao, hawakumdanganya mtu, na laiti wangeambiwa pengine wangeomba radhi. Hasira yote ilikuwa kwa huyu aliyekaa mbele yake. Ameshindwa kutia tonge moja kinywani mwake, lakini alikuwa radhi majirani zake wachomewe kwenye wavu huo jioni, wale, walambe vidole na kumshukuru Bi Mwatum. Ameona kinyaa kwa nafsi yake tu, wenzake hakuwaonea.

"Ulitaka niwalishe watu," alisema, na sauti hakuipaza. "Ulitaka nimlishe Bi Bashira kwa mkono wangu."

"Shangazi, nakuomba, Bi Bashira asijue. Harusi ndiyo hii hapa. Nitautwaharisha uani sasa hivi, mara saba, na udongo, kama inavyotakiwa. Hakuna atakayejua."

"Hakuna atakayejua. Ndivyo ulivyojisemea na jana, ukaleta wavu unanukia sabuni."

Angeweza kukubali. Wavu ukishatwaharishwa umetwaharika, sheria ndivyo inavyosema, na uani kwake hapana dirisha la mtu. Jioni angeuza kama siku zote, na mwezi ujao angevaa kanga mpya na kumsindikiza bwana harusi. Aliliwaza hilo, na kule kuliwaza kukamzidisha hasira, maana Junaid ndiye aliyemfikisha pahala pa kuwaza mambo ya kuficha.

Alasiri ilipoingia, aliutoa wavu nje, akauweka kando ya barabara, pale pale anapouoshea kila siku. Akaweka ndoo ya maji na beseni la udongo.

"Haya. Osha."

"Hapa, shangazi?"

"Hapa."

Kila aliyepita chuoni katika kisiwa hiki anajua maana ya udongo juu ya chombo. Mtu hasugui wavu kwa tope ili kuondoa masizi. Wapita njia walipunguza mwendo. Wanaume waliokuwa wakingoja mishikaki walitazamana. Wawili waliaga kwamba wana safari ya mjini.

Bi Bashira alifika na sahani yake, akasimama.

"Kulikoni tena? Au mbwa kaupitia?"

Hapo mlango wa kutorokea ulifunguka wazi. Mbwa hana lawama ya mtu. Mbwa hupita, akalamba, akaenda zake, na josho lake ni hilo hilo. Junaid alimtazama shangazi yake. Bi Mwatum aliona jinsi alivyouona ule mlango, na hakuwa na hakika kama angeupita au la. Angeweza kumjibia. Hakumjibia.

"Muulize anayeosha," alisema.

Junaid aliinamia wavu. Mikono ilikuwa imemjaa tope mpaka viwikoni.

"Si mbwa, Bi Bashira. Ni nguruwe. Niliuazima mimi, wakachomea wageni, nikaurudisha bila ya kusema. Shangazi kaligundua mwenyewe."

Bi Bashira akavuta kigoda, akakaa, sahani mapajani.

"Umefika josho la ngapi?"

"La nne."

"Endelea. N'nahesabu mimi."

Akahesabu, kwa sauti, mpaka la saba. Lilipokwisha akamtazama Junaid kwa jicho ambalo hakuna mkwe angelitamani. "Hayo mengine tutayazungumza nyumbani na baba yake Nassra," alisema, na yaliyobaki akayameza.

Bi Mwatum akakoka moto. Mshikaki wa kwanza ulipoiva hakumpa mteja. Alimnyooshea Junaid, mbele ya watu wote. Safari hii Junaid hakusema ameshiba wala hakusema amefunga. Alikula, pande la kwanza na la pili, machozi yakimlengalenga, mpaka ukabaki ujiti mtupu. Bi Bashira ndipo alipoinuka, akanyoosha sahani yake atiliwe. Walionunua siku ile walikuwa wachache, na nyama nyingi ilirudi ndani.

Walipokuwa wakifunga biashara, Junaid alizima makaa, akakunja meza, akasogea pale shangazi yake alipokuwa akiusugua wavu kwa kumbi la nazi.

"Nipe niumalizie, shangazi. Unisamehe."

Bi Mwatum aliendelea kusugua.

"Nshakusamehe," alisema. "Wavu sikupi."